Dawa Moja, Miili Mbalimbali

Tuseme watu wawili wa Mubambiro, pale jirani na Sake, waanza dawa ya kifua kikuu siku moja. Uzito wao ni mmoja, na vidonge vyao ni sawasawa. Baada ya majuma kadhaa mmoja asema kwamba nyayo zawaka moto na vidole vimekufa ganzi. Mwenzake hana neno. Majirani waanza kunong'ona: huyu amelogwa, au amepewa sumu. Hapo ndipo hatari inapoingia, maana akivitupa vidonge vyake ugonjwa waweza kumrudia kwa nguvu, naye atawaambukiza watoto wanaolala naye chumba kimoja.

Kati ya dawa nne apewazo mgonjwa tangu mwanzo, moja yaitwa isoniazidi. Ilianza kutumika kwa kifua kikuu mwaka 1952. Ikimezwa huingia katika damu, huua vijidudu, kisha ini huigeuza ili itoke kwa mkojo. Kitu kifanyacho kazi hiyo ndani ya ini huitwa kimeng'enya; kwa watu wengine ni chepesi, kwa wengine ni kizito. Tazameni mvua. Ikinyesha juu ya mawe meusi ya volkano, njiani kwenda Goma, maji yatoweka mara moja. Ikinyesha juu ya udongo mzito wa bondeni, hutuama. Vivyo hivyo, kwa mwenye ini jepesi nusu ya dawa iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa saa moja hivi, na kwa mwenye ini la polepole huchukua saa mbili hadi tano.

Jambo hili ni la kuzaliwa. Mwaka 1960 daktari Mwingereza, David Price Evans, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba hurithiwa: mtoto huwa wa polepole akiupokea upole huo kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja waweza kutofautiana. Kule Japani watu wa polepole ni wachache, kama mmoja katika kumi. Misri ndio walio wengi. Kwa Waafrika wengi na Wazungu ni karibu nusu kwa nusu. Uchawi wapi basi?

Yupi mwenye heri? Wa polepole hukaa na dawa kwa muda mrefu, lakini ikizidi hupunguza vitamini B6 mwilini, na mishipa ya fahamu huumia. Hiyo ndiyo ganzi ile. Huzuiwa kwa kidonge kidogo cha piridoksini, nacho chafaa hasa kwa wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari au virusi vya Ukimwi, wanywaji wa pombe, na wale waliodhoofika kwa njaa, ambao ni wengi miongoni mwa waliokimbia vita huko Masisi.

Naye mwepesi ana shida yake. Huko Madras, Uhindi, wagonjwa walipopewa dawa mara moja tu kwa juma, waliokuwa wepesi walipona kwa uchache kuliko wenzao. Dawa ilipotolewa kila siku, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo zahanati haina haja ya kumpima kila mtu ini lake, ingawa njia ipo, tena ya kuchekesha: mtu hunywa kikombe cha kahawa, na mkojo wake huchunguzwa! Kunywa kila siku kwa miezi sita huwatosha wote wawili.

Mkojo mwekundu usimtishe mtu. Ni rangi ya dawa nyingine, rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, au kutapika kusipokoma, mgonjwa asimeze kidonge kingine kabla ya kuonwa na mganga, na aende siku ile ile. Ganzi nayo asiifiche: amwambie muuguzi, wala asiache dawa kwa shauri la jirani. Na kama bunduki zikilia na watu wakikimbia, kadi ya matibabu ifungwe pamoja na vidonge vilivyobaki, kwa kuwa ndiyo itakayomwonyesha muuguzi wa mahali papya dawa ilianza lini na imebaki miezi mingapi.