MIONZI MAJUMBANI: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WAKAZI WA MJI WA BABATI

Neno "mionzi" huzusha hofu kila linapotajwa, na mji wa Babati hauepukani na hofu hiyo. Yuko mkazi anayetilia shaka mnara wa simu uliosimikwa jirani na nyumba yake. Yuko mzazi anayesita kumpeleka mtoto kupigwa picha ya eksirei hospitalini. Yuko pia mjenzi anayejiuliza kama mawe yatokayo Minjingu yanafaa kwa msingi wa nyumba. Maswali hayo yote ni ya haki, lakini hayana uzito ulio sawa. Makala haya yanakusudia kufafanua ni jambo gani linalostahili tahadhari, na ni lipi lisilopaswa kumkosesha mtu usingizi.

Mionzi ya namna mbili

Yafaa kwanza kutenganisha namna mbili za mionzi. Namna ya kwanza ni ile isiyo na nguvu ya kuvunja chembe za mwili: mwanga, mawimbi ya redio na televisheni, na mawimbi ya simu za mkononi pamoja na minara yake. Mawimbi hayo yakiwa na nguvu nyingi sana huweza kupasha mwili joto, ndiyo maana mafundi hukatazwa kusimama mbele ya mitambo ya mnara ikiwa inafanya kazi. Hata hivyo, hayaachi uchafu wowote wa mionzi katika nyumba, chakula wala maji.

Namna ya pili ni mionzi ayonisha, yaani ile yenye nguvu ya kugusa chembe hai na kuziharibu. Hutoka katika mashine za eksirei na katika madini yenye asili ya mionzi, kama vile urani na radiamu. Mionzi hii ndiyo iliyotungiwa sheria. Tanzania ilitunga Sheria ya Kinga ya Mionzi Na. 5 ya mwaka 1983, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Sheria hiyo ya pili ndiyo iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye dhamana ya kudhibiti matumizi ya mionzi nchini.

Hakuna mahali duniani pasipo na mionzi ayonisha kabisa. Ardhi, anga, chakula na hata mwili wa binadamu hutoa kiasi kidogo. Kwa wastani wa dunia, mtu mmoja hupata kipimo cha milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili. Juu ya kiasi hicho, kanuni za kimataifa zinashauri kwamba shughuli za binadamu zisimwongezee mwananchi wa kawaida zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka. Kwa hiyo swali la kuulizwa si kama mionzi ipo au haipo. Swali ni kiasi chake, umbali wake, na muda ambao mtu anakaa karibu nayo.

Kilima cha Minjingu

Katika Wilaya ya Babati liko jambo moja ambalo haliko katika wilaya nyingi nchini. Kaskazini mwa mji, kando ya barabara kuu iendayo Arusha, upo mgodi wa fosfeti wa Minjingu. Zama za kale Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa ndani yake. Ndege wala samaki walitua hapo kwa vizazi vingi, na vinyesi vyao pamoja na mifupa ya samaki vikarundikana na kugeuka kuwa mwamba wa fosfeti. Katika kugeuka huko mwamba ulifyonza urani iliyokuwa majini.

Mionzi hiyo ndiyo iliyokitambulisha kilima chenyewe. Fosfeti ya Minjingu iligunduliwa mwaka 1956, wakati watafiti walipokuwa wakitafuta urani kwa vyombo vilivyopima mionzi kutoka angani. Uchimbaji ulianza katika miaka ya 1980, na tangu hapo mbolea ya Minjingu imewafaa wakulima wengi, hasa katika mashamba yenye udongo wa chachu.

Utafiti wa wataalamu wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2000 ulitoa picha ya hali ilivyokuwa mgodini. Mionzi iliyopimwa hapo kwa miaka mitano ilikuwa, kwa wastani, karibu mara 28 ya kiwango cha wastani cha dunia kitokanacho na ardhi. Kila kilo ya mwamba wa fosfeti ilikuwa na radiamu ya zaidi ya bekereli 5,000, na mawe ya taka, yaani yale yanayotupwa baada ya kuchambuliwa, yalikuwa na zaidi ya bekereli 4,000. Bekereli moja maana yake ni atomu moja kuvunjika katika kila sekunde. Kwa kulinganisha, udongo wa kawaida duniani una takriban bekereli 30 za radiamu kwa kilo.

Takwimu hizo ni za eneo la mgodi. Hazihusu mji wa Babati kwa jumla, wala matofali ya udongo wa kawaida. Mkazi wa mjini ambaye nyumba yake haikujengwa kwa mawe hayo hana sababu ya kujihesabu kuwa anaishi mgodini.

Saa za kukaa ndizo zinazoamua

Hesabu ifuatayo yatosha kuonyesha kwa nini nyumba ni jambo la kuangaliwa kuliko mahali pengine. Mtu anayefanya kazi mahali penye kiwango kile kilichopimwa mgodini, kwa saa 8 kwa siku na siku 250 kwa mwaka, anakaa hapo saa 2,000. Kwa hesabu ya juu, anapata milisiverti zisizozidi 3. Lakini mtu akikaa penye kiwango hicho usiku na mchana, mwaka mzima una saa 8,760, naye hukaribia milisiverti 12. Kiwango ni kile kile, ila saa zimeongezeka zaidi ya mara nne. Hesabu hiyo tena haijagusa vumbi linaloingia mwilini kwa kuvutwa na pumzi au kwa kuliwa.

Hakuna mahali ambapo binadamu hukaa saa nyingi kuliko nyumbani kwake, na watoto wachanga, wagonjwa na wazee hukaa zaidi. Jiwe lililomo ukutani au chini ya sakafu halimpi mwenye nyumba likizo. Radiamu nayo huchukua miaka ipatayo 1,600 kupungua hadi nusu yake, hivyo jiwe la mgodini likijengewa leo, mjukuu na kitukuu watalikuta likiwa vile vile.

Ziada ya hayo, radiamu huzaa gesi iitwayo radoni, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Nje ya nyumba gesi hiyo hutawanywa na upepo mara moja. Ndani ya chumba kilichofungwa hujikusanya, huvutwa na pumzi, na huathiri mapafu. Shirika la Afya Duniani linaitaja radoni kuwa miongoni mwa sababu kubwa za saratani ya mapafu, likiiweka baada ya tumbaku, na mvutaji wa sigara ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi. Shirika hilo limeshauri kiasi cha radoni nyumbani kisizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana, kisivuke 300.

Kwa sababu hizo wataalamu wengi hutumia kipimo cha bekereli 370 kwa kilo kuwa mpaka wa juu wa vifaa vya ujenzi wa nyumba. Mawe ya taka ya Minjingu, kwa takwimu za utafiti uliotajwa, yanauvuka mpaka huo zaidi ya mara kumi. Hayafai kwa msingi, ukuta, kifusi cha sakafu wala uwanja wa kuchezea watoto, hata yakipatikana bure na karibu.

Jiwe hilo hilo shambani

Hapa mkulima ataweza kuuliza: ikiwa jiwe hilo halifai nyumbani, mbona linatiwa shambani? Jibu limo katika wingi na mtawanyiko. Mkulima anayetumia kilo 250 za fosfeti kwa hekta anazichanganya na udongo wa juu wenye uzito wa zaidi ya kilo milioni mbili. Radiamu inayoongezeka katika kila kilo ya udongo ni karibu nusu bekereli, juu ya 30 au zaidi zilizomo kwa asili. Nyongeza hiyo ni ndogo. Rundo la mawe chini ya kitanda halichanganyiki na chochote. Jiwe moja, kwa hiyo, ni mali likiwa shambani na ni mzigo likiwa ukutani.

Pamoja na hayo, mbolea ni vumbi, na vumbi halifai kwa pafu la mtu yeyote. Mifuko ihifadhiwe katika banda lililo mbali na jiko na vyumba vya kulala. Anayemwaga mbolea afunike pua na mdomo, asimame upande utokako upepo, na anawe kabla ya kula. Mfuko mtupu wa mbolea usitiwe mahindi wala unga.

Maji, meno na mionzi

Katika ukanda wa Bonde la Ufa watu wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, na wako wanaodhani kuwa hiyo ni alama ya mionzi. Sivyo. Madoa hayo husababishwa na floridi iliyozidi katika maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yanapoota. Floridi haitoi mionzi, ingawa ikizidi sana hudhuru mifupa pia. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi, wala hakuondoi urani au radiamu. Kwa floridi, kituo cha utafiti cha Ngurdoto mkoani Arusha kimeshughulikia uchujaji wa maji kwa mkaa wa mifupa. Kwa wanaoishi karibu na mgodi na kukinga maji ya mvua, inapasa maji ya kwanza yaachwe yasafishe vumbi la bati kabla ya kuelekezwa kwenye tangi.

Kupigwa na mionzi si kuchafuliwa

Mtu aliyepigwa picha ya eksirei amepitiwa na mionzi kwa kitambo kidogo, kisha imekwisha. Harudi nyumbani na mionzi, wala hawezi kumwambukiza mtu. Kipimo cha picha moja ya kifua ni sehemu ndogo tu ya kile ambacho kila mtu hupata kwa mwaka kutokana na asili. Picha iliyoagizwa na daktari isikataliwe kwa hofu. Mama mjamzito atoe taarifa kwanza ili daktari aamue.

Kuchafuliwa ni jambo jingine: kitu chenye mionzi kinapobaki juu ya ngozi, katika nguo, chakula au nyumba. Mfano wa kusikitisha ulitokea Goiânia, nchini Brazil, mwaka 1987. Wakusanyaji wa vyuma chakavu walifungua chombo cha tiba ya mionzi kilichoachwa katika jengo la hospitali iliyohamishwa. Unga uliong'aa uliokuwamo ukagawiwa majirani na jamaa kama kitu cha ajabu. Watu wanne walifariki, na wengine zaidi ya 200 walichafuliwa. Biashara ya vyuma chakavu ipo pia hapa nchini. Chombo chochote kizito chenye alama ya mapezi matatu yaliyozunguka duara, ambayo ni alama ya mionzi, kisifunguliwe, kisichukuliwe nyumbani na kisiuzwe. Watu wasogee mbali na Polisi waarifiwe mara moja.

Mambo ya kuzingatia

Kwa muhtasari, wakazi wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Mawe, kifusi na mchanga wa mgodini visitumike kujengea nyumba, shule, zahanati au kisima.

(b) Mjenzi aulize chanzo cha mawe na kifusi kabla ya kununua.

(c) Nyumba ambayo tayari ina mawe hayo isibomolewe kwa pupa, kwani kubomoa huamsha vumbi. Madirisha yafunguliwe kila siku, nyufa za sakafu zizibwe, sigara isivutwe ndani, na vipimo viombwe.

(d) Walio karibu na mgodi wafagie kwa kunyunyiza maji, wafunike chakula na maji, na wawazuie watoto kucheza kwenye marundo ya mawe.

(e) Nguo za kazi za wafanyakazi wa mgodi zifuliwe peke yake.

Watumishi nao wana wajibu wao. Mhandisi na afisa ujenzi waangalie chanzo cha kifusi kabla ya kuidhinisha jengo la umma. Afisa afya asikilize mashaka ya mwananchi bila kumdharau, na ofisi ya mtaa au kijiji ipeleke mashaka hayo Halmashauri ili Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ina ofisi na maabara jijini Arusha, iombwe kupima. Mionzi haionekani wala hainusiki, na hakuna awezaye kuikadiria kwa macho au kwa uvumi. Mwananchi aliyepimiwa nyumba yake hupata jibu: ama atulie, ama arekebishe. Asiyepimiwa hubaki na hofu isiyo na msingi, au hubaki na raha isiyo na msingi, na hii ya pili ndiyo mbaya zaidi.