Kibodi za Kibelgiji, Kompyuta za Dubai: Hesabu ya Wachapaji wa Kasongo na Kabambare

Karani aliyejifunza kuchapa kwenye kibodi ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) akiwekewa mbele laptopu ya QWERTY (mpangilio wa Kiingereza), kisha akaandika "Kabambare" bila kutazama vidole, skrini itamwonyesha "Kqbq;bqre". Maniema itakuwa ":qnie;q", na watoto watageuka "zqtoto". Hajakosea kitu, vidole vyake vimekwenda palepale vilipofundishwa kwenda. Lakini kwa mwenye sekretaria ya umma, anayelipwa kwa ukurasa na kununua mwenyewe wino na mafuta ya jenereta, kila ukurasa wa kurudiwa unatoka mfukoni mwake.

Chanzo cha tatizo hili ni biashara yenyewe ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo. Karatasi za huko hufuata desturi ya Ubelgiji, iliyotawala hadi 1960 na kuacha Kifaransa kama lugha ya ofisi, mahakama na shule. Bidhaa nazo hutoka mashariki. Ndivyo ilivyokuwa tangu Kasongo ilipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, kabla majeshi ya kamanda Mbelgiji Dhanis hayajauteka mji huo mwaka 1893: shanga, vitambaa na bunduki vilitoka pwani. Leo kompyuta zilizotumika huweza kupita Dubai, Dar es Salaam, Kampala au Bujumbura, na nyingi kati yake huwa na kibodi ya QWERTY. Mwenye sekretaria anakaa kati ya njia hizo mbili: mashine ni ya mashariki, barua anayoletewa kuchapa ni ya Kifaransa, na mteja anazungumza naye Kiswahili.

Kibodi haitumi herufi kwenda kwenye kompyuta. Hutuma namba ya kitufe tu, na mfumo wa kompyuta ndio unaoamua namba hiyo ni herufi gani. Kwa hiyo karani anayejua kuchapa bila kutazama anaweza kuifanya laptopu ya Dubai kuwa AZERTY kwa kubadilisha mpangilio ndani ya Windows, bila gharama yoyote. Anayetazama vitufe ataongeza stika. Upungufu mmoja unabaki: kibodi za Ulaya zina kitufe kimoja zaidi karibu na Shift ya kushoto, chenye alama za < na >, na kibodi za Kimarekani hazina. Kwa barua ya maombi ya kazi hilo halina madhara. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo anayechapa kazi yake ya mwisho yenye majedwali na fomula, litamsumbua.

Ndiyo maana kibodi za zamani za Kibelgiji na Kifaransa, zilizokuja na kompyuta za mezani za ofisi, misheni na miradi, bado ni mali. Vitufe vyake ni vikubwa, alama zimechapwa mahali pake, na upande wa kulia kuna vitufe vya namba. Jambo hili la mwisho lina uzito wake katika biashara, kwa sababu kwenye AZERTY tarakimu za safu ya juu hutoka kwa kushikilia Shift. Ukisahau, 2024 inakuwa éàé'. Karani wa duka la dhahabu huko Salamabila anayejaza hesabu kutwa nzima anahitaji vile vitufe vya pembeni kuliko anavyohitaji skrini ya kisasa.

Kikwazo ni plagi. Kompyuta za IBM za 1981 zilitumia plagi ya duara yenye pini tano. Mwaka 1987 ikaja ile ndogo ya PS/2 yenye pini sita. USB ilitoka 1996. Laptopu ya leo ina USB peke yake, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopoteza fedha. Adapta za sokoni ni za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja hubadilisha umbo la plagi tu, na hufanya kazi ikiwa kibodi yenyewe inaelewa lugha zote mbili, ya PS/2 na ya USB. Nyingine ina chipu inayotafsiri ishara za PS/2 kuwa za USB, na ndiyo inayohitajiwa na kibodi nyingi za zamani. Tofauti ya bei ni dola chache. Mtu akinunua ile ya kwanza, kibodi isiwake, huihukumu kibodi kuwa imekufa na kuitupa. Fundi mwenye subira anaweza hata kujitengenezea adapta kwa kibao kama Raspberry Pi Pico, kilichoingia sokoni mwaka 2021 kwa dola 4, na programu ya bure. Tena, kwenye kompyuta yenye tundu la PS/2, zima mashine kwanza kabla ya kuchomeka. Tundu hilo halikuundwa kwa ajili ya kuchomoa na kuchomeka huku umeme unapita.

Kosa lenye gharama kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba AZERTY ni moja. Kwenye kibodi ya Kibelgiji alama ya @ iko kwenye kitufe cha 2 pamoja na AltGr. Kwenye ya Kifaransa iko kwenye kitufe cha 0. Kibodi ya Kibelgiji ikiwekwa kwenye mpangilio wa Ufaransa, anwani ya barua pepe itatoka na ~ badala ya @. Kijana wa Kabambare aliyelipia uchapaji wa maombi yake ya kazi hatajua kwa nini hakujibiwa. Windows ina mpangilio tofauti kwa ajili ya Ubelgiji, na unapatikana kwenye orodha ileile ya lugha.

Wapo wanaokimbilia mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa ili wapate é kwa kubonyeza koma ya juu kisha e. Kwa Kifaransa unafaa. Kwa Kiswahili unaharibu: ng'ombe anakuwa ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, mpaka ubonyeze nafasi baada ya ile koma.

Tangu Goma iangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu Februari, njia ya kuagiza vifaa kutoka Kivu si ya kutegemewa. Kuagiza kibodi mpya ya Kifaransa na kuisubiri ni gharama. Kuifufua ya zamani kwa adapta sahihi ni nafuu zaidi. Na anayekuta kibodi nzito ya IBM Model M ghalani asiiuze kama chuma chakavu, kwani wakusanyaji wa Ulaya na Marekani mara nyingi hulipa zaidi ya dola 100 kwa moja.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua Dar es Salaam au Bujumbura kwa ajili ya Kasongo aandike mambo matatu kwenye karatasi ya oda: mpangilio wa kibodi ni wa nchi gani, plagi ni ya aina gani, na adapta iwe yenye chipu. Kisha, kabla ya kulipa, aichomeke kibodi na kuandika dukani anwani moja kamili ya barua pepe.