Taa ya kioo ukutani: nyumba ndogo yataka mwanga kabla ya pambo

Mwaka jana, usiku wa manane, mamangu aliteguka kifundo cha mguu katika ushoroba wa nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa. Hakuteleza kwa maji. Alinaswa na waya wa taa ya mezani ambayo mimi mwenyewe niliiweka juu ya kistuli karibu na ngazi, kwa kuwa mwanga wa taa ya darini haukuwa ukifika huko. Ushoroba wenyewe hauzidi futi 3. Tulipomketisha, alinitazama akaniuliza, “Mwanangu, kwani ukuta una kazi gani?”

Swali lile wazee wetu walilijibu zamani. Ukiingia nyumba za mawe za Lamu utaona vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka mbali. Upana wa chumba mara nyingi hauzidi mita 3. Waliojenga humo hawakujaza vitu sakafuni. Waliutumia ukuta: walichonga zidaka, wakapanga humo sahani na bakuli za kauri, na sakafu ikabaki ya watu kupita. Taa ya ukutani inafuata akili hiyo hiyo. Haitaki meza, haitaki kistuli, na waya wake haukatizi njia.

Basi nikaamua kuweka taa za kioo, mbili ushorobani na moja sebuleni. Nilikosea mara mbili kabla ya kupata, nami naeleza hapa ili wewe usikosee.

Kosa la kwanza lilikuwa kununua kwa macho. Nilichukua taa za bei nafuu zenye kitako kilichopakwa rangi ya dhahabu. Upepo wetu una chumvi, na chini ya ile rangi kulikuwa na chuma kitupu. Miezi michache tu, kutu ikachuruzika kwenye ukuta mweupe kama machozi. Rahisi ghali. Kwa nyumba zetu za pwani, tafuta kitako cha shaba au cha chuma kisichoshika kutu, na uangalie skurubu pia, kwani mara nyingi ndizo zinazoanza kuoza.

Kosa la pili lilikuwa la hatari zaidi. Fundi niliyemwita aliniambia waya wa ardhi si lazima kwa “taa ndogo kama hii”. Siku moja nikipangusa kioo nilihisi mkono ukinitetemeka. Umeme wa Kenya ni volti 240. Taa yenye mwili wa chuma isiyo na waya wa ardhi, ukilegea waya wa ndani ukagusa chuma, mwili wote wa taa hubeba umeme, nayo iko pale pale mkono wa mtoto au wa mzee unaposhika ukuta akipanda ngazi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, na usione haya kumwomba akuoneshe leseni yenyewe.

Ukuta nao una mambo yake. Mawe ya matumbawe na chokaa ya zamani hubomoka upesi. Mwambie fundi atoboe polepole, bila kupigisha mashine kama nyundo, na tundu liwe la kina ili skurubu ishike jiwe, si plasta. Ikiwa nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi kama Mji wa Kale, ulizia kwa wahusika wa uhifadhi kabla ya kupasua ukuta kupitisha waya. Mpangaji naye azungumze kwanza na mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye kioo. Kioo kitupu hupendeza dukani, lakini kwenye ushoroba mwembamba huchoma macho kwa sababu balbu yaonekana wazi. Kioo cha ukungu hueneza mwanga taratibu, na ndicho nilichoweka karibu na ngazi. Kioo cha vipande vya rangi huchora ukuta kwa uzuri wake, lakini hula mwanga. Hicho kiache sebuleni, mahali watu wameketi. Kwenye ngazi mtu anahitaji kuona mwisho wa kila kidato.

Kwa urefu, kipimo kinachofaa ni baina ya futi 5 na nusu na 6 kutoka sakafuni. Kwenye ngazi, pima kuanzia kidato kilicho chini ya taa. Pahali pa kupita, chagua taa isiyotokeza zaidi ya inchi 4, ama sivyo mabega yatagonga kioo. Taa inayotupa mwanga juu na chini hufanya chumba kidogo kionekane kirefu, khasa kuta na dari zikiwa zimepakwa chokaa nyeupe. Na ukiweka kwenye kioo cha kujitazamia, weka mbili, kulia na kushoto. Ya juu peke yake hutia kivuli machoni.

Balbu ya LED ya wati 5 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 40, bila kupasha chumba joto kama ile. Taa zangu mbili za ushorobani zikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 1 na nusu kwa mwezi. Kwenye kasha tafuta Kelvin 2,700 hadi 3,000, mwanga wa manjano kama wa taa ya chemni. Zile za 6,500 huifanya nyumba ifanane na duka la dawa.

Usafi ni mara moja kwa wiki: zima swichi, ngoja balbu ipoe, pangusa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kwani chumvi ya hewani hufanya utando.

Mamangu sasa huamka alfajiri akashuka mwenyewe hadi jikoni, mkono ukutani. Kistuli alikichukua, yuko nacho barazani, hukikalia jioni akichambua mchele.