Mwanamke na Mbwa Wake (Sehemu ya Tatu): Kutoka kwa Wazande Hadi Busitema

Redio za hapa mpakani zinatangaza tena chanjo ya mbwa, maana Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Katika kipindi kimoja msikilizaji alipiga simu akadai kwamba mbwa wanaozurura Busitema ni wa wanawake waliokosa waume, na kwamba wakiolewa mbwa watapungua. Mtangazaji akacheka. Mimi nilikasirika, ndiyo maana leo naweka kando mbwa wa ulinzi tuliowazungumzia katika sehemu zilizopita.

Namjua mwanamke mmoja anayeishi kando ya msitu wa Busitema. Huuza omena katika soko la Sofia, mjini Busia. Jioni akishuka kwenye bodaboda, mbwa wake wawili huwa wameshafika barabarani. Huwasongea ugali katika sufuria yao, akaunyunyizia vumbi la omena lililobaki guniani, kisha huketi kwenye kigoda kuusubiri upoe huku akiwasimulia nani alikopa na nani hajalipa. Asubuhi hao hao huwafukuza nyani wasimalize mahindi yake. Jumapili hulala hadi atakapo, na hakuna anayemuuliza chai iko wapi. Ameridhika. Majirani ndio wanaomtafutia upungufu.

Wanaosema kwamba mwanamke kukaa na mbwa ni uzungu, na wanaosema ni laana, wote nawaomba warudi nyuma kidogo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kahaba wa Bani Israili alimwona mbwa akizunguka kisima siku ya joto kali, ulimi nje kwa kiu. Akavua kiatu, akamtekea maji, na kwa tendo hilo akasamehewa. Ndugu zangu wafuasi wa Imamu Shafi, ambao huosha mara saba palipoguswa na mate ya mbwa, wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Unajisi wa mate haujawahi kufuta wajibu wa huruma.

Kisha kuna basenji, ambaye wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sichoki kumtaja. Ni mbwa mdogo, mkia umejikunja mgongoni, habweki bali hutoa sauti kama ya kuimba. Kwao ni misitu ya Kongo na nchi ya Wazande, ambao walimfunga njuga shingoni ili wajue alipo anapofukuza mnyama kimyakimya. Huyu ni mbwa wetu kabisa, na waliompigania ng'ambo walikuwa wanawake. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka mbwa sita Uingereza kutoka Sudan. Wote wakafa baada ya kudungwa chanjo ya distempa, ugonjwa hatari wa mbwa, ambayo enzi hizo ilikuwa bado changa. Mwaka 1936 Olivia Burn akajaribu tena na mbwa kutoka Kongo, na mwaka uliofuata watu wakajazana katika maonyesho ya mbwa ya Crufts kuwatazama. Akafuata Veronica Tudor-Williams, ninayemheshimu kuliko wote. Aliendelea kuwatunza hata miaka ya Vita Kuu ya Pili, chakula kilipokuwa cha mgao, na mwaka 1959 akafunga safari hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya. Alirudi na jike mwekundu aliyeitwa Fula, na uzao wa Fula umeenea katika basenji wa nchi nyingi. Historia inamkumbuka kwa mbwa aliowaokoa, na hiyo ni sifa ya kumtosha mtu.

Hapa Uganda mfano uko Gulu. Francis Okello Oloya, aliyepofuka utotoni kwa mlipuko wa bomu, alianzisha mradi unaowapa manusura wa vita vya waasi wa Joseph Kony mbwa waliookotwa mitaani. Mtu na mbwa wake hufunzwa pamoja, na mbwa huchanjwa. Miongoni mwao wamo wanawake waliorudi kutoka msituni wakakuta vijiji vyao vimewapa kisogo. Mbwa hakuwauliza walikotoka. Anayemcheka mwanamke wa namna hiyo amekosa adabu, na nalisema hili kwa wanaume wenzangu hasa.

Nafasi inaniishia, na chanjo yenyewe sijaigusa. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Kupiga mbwa risasi au kuwatilia sumu hakujaumaliza ugonjwa huu popote. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa huukatisha. Mbwa anachanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kina mama na kina dada wa Busitema, Busia na Tororo mnaoishi na mbwa wenu, watieni kamba muwapeleke mapema, mdai cheti, na mkitunze.