Wanawake wa Jukwaa la Havana (2): Ninón Sevilla avuka kwenda Mexico

Wiki iliyopita tulimwacha Rita Montaner akiwa kileleni Havana, msanii aliyesafiri mara nyingi na kila mara akarudi nyumbani. Leo tunamfuata mdogo wake kwa umri, binti wa jukwaa aliyevuka Ghuba ya Mexico bila jina kubwa, akajenga maisha yake ng'ambo, na akafariki katika Jiji la Mexico tarehe 1 Januari 2015. Wazazi walimwita Emelia Pérez Castellanos. Watazamaji wa sinema walimjua kama Ninón Sevilla.

Tukitajiwa msanii wa Kuba aliyehama, wengi wetu tunawaza mapinduzi ya 1959. Ninón aliondoka katikati ya miaka ya 1940, Fidel Castro akiwa bado mwanafunzi. Hakuna serikali aliyoikimbia, alifuata kazi. Havana ilikuwa imejaa wanamuziki, wachekeshaji na wanenguaji, redio zake zilisikika Karibea nzima, lakini filamu zilizotengenezwa kisiwani kwa mwaka zilikuwa chache mno. Mexico, kwa upande wake, ilikuwa na studio za Churubusco zilizofunguliwa 1945, ilikuwa na soko la wasemaji wa Kihispania kuanzia Los Angeles hadi Buenos Aires, na kufikia 1950 ilitoa filamu zaidi ya 100 kwa mwaka. Filamu nyingi kiasi hicho zinahitaji nyuso mpya kila mwezi. Wakuba walikuwa nazo, pamoja na muziki ambao mji mzima ulitaka kuucheza.

Emelia alilelewa na bibi yake na shangazi yake, na katika ujana wake aliwahi kutaka kuwa mtawa mmisionari. Akaishia katika kundi la wacheza dansi la wachekeshaji Leopoldo Fernández na Mimí Cal. Kazi ya namna hiyo ni shule ngumu: unacheza nyuma ya watu ambao ukumbi umekuja kuwaona wao, kwa hiyo unajifunza kuvuta jicho la mtazamaji kwa sekunde chache tu unazopewa. Jina la kisanii alilichukua kwa Ninon de Lenclos, mwanamke wa Paris wa karne ya 17 aliyesifika kwa akili na kwa kuishi atakavyo. Aliingia Mexico na onyesho lililoongozwa na mwimbaji wa Argentina, Libertad Lamarque. Sehemu yake ndani ya onyesho ilipendwa kiasi cha kupewa mkataba katika ukumbi wa Teatro Lírico, na huko ndiko mtayarishaji Pedro Arturo Calderón alikomwona. Filamu ya kwanza ikawa Carita de cielo. Kuanzia hapo akawa nyota wa kampuni ya akina Calderón.

Filamu alizoingia zilikuwa na utaratibu wake. Mexico ya Rais Miguel Alemán, kuanzia 1946 hadi 1952, ilikuwa nchi ya watu wanaohamia mjini. Vijana waliacha vijiji, wakakuta taa, viwanda, vyumba vya kupanga na klabu za usiku. Sinema iliifanya klabu kuwa mahali pa kusimulia hofu zote za mji mpya. Hadithi ilikuwa karibu ile ile: msichana mwema anapata msiba, anadanganywa, anaishia kucheza mbele ya walevi, anateseka, na mwishoni anakombolewa au anakufa. Katikati ya mateso zinaingia nyimbo na ngoma. Wanawake waliobeba ngoma hizo waliitwa rumberas, na wengi wao walitoka Kuba: María Antonieta Pons, Amalia Aguilar, Rosa Carmina, na Ninón.

Wenzake walicheza vizuri, na sina nia ya kuwashusha. Tofauti ya Ninón ni kwamba ngoma zake nyingi alizitunga mwenyewe, na mavazi pamoja na mitindo ile ya ajabu ya nywele ilitoka kwa sehemu kubwa kichwani mwake. Jambo hili linapaswa kusemwa waziwazi, kwa sababu historia ya sinema imezoea kumpa mwongozaji sifa zote na kumwacha mwanamke aliye mbele ya kamera kama kitu cha kutazamwa. Dakika nne za ngoma ndani ya filamu ya Ninón ni kazi yenye mtunzi, na mtunzi huyo ni yeye.

Filamu ya kuanza nayo ni Aventurera ya 1950, iliyoongozwa na Alberto Gout. Mswada uliandikwa na Álvaro Custodio, Mhispania aliyekuwa ukimbizini Mexico baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini kwake. Elena, binti wa nyumba ya heshima huko Chihuahua, anashuhudia mama yake akitoroka na mwanamume mwingine na baba yake akijiua. Anakwenda Ciudad Juárez kutafuta kazi, na kila bosi anataka mwili wake. Kijana anayejifanya rafiki anamuuza kwa Rosaura, mwenye klabu ambayo pia ni danguro. Baadaye, akiwa ametoroka na kuwa mnenguaji mashuhuri katika Jiji la Mexico, Elena anachumbiwa na Mario, mwanasheria kijana wa ukoo mkubwa wa Guadalajara. Anapelekwa ukweni. Mama mkwe anatokea mlangoni, na ni Rosaura yule yule.

Hapo ndipo filamu inapoipita hadithi ya kawaida. Elena halii wala haombi msamaha. Anaolewa makusudi, aingie ndani ya nyumba ile na kulipiza kisasi mbele ya wageni waheshimiwa wa Guadalajara, huku mama mkwe akishindwa kumfichua bila kujifichua. Andrea Palma, mwigizaji mkongwe aliyecheza Rosaura, ni baridi na ametulia. Ninón ni moto. Maadili ya wakati ule yalidai kwamba mwanamke wa klabu awe mwenye hatia na bibi wa nyumba kubwa awe msafi. Filamu inawaweka wote wawili ndani ya mwili mmoja wa Rosaura, na kumwachia mnenguaji haki ya kuhukumu. Sijui filamu nyingine ya biashara ya miaka ile iliyothubutu hivyo. Watu wa jukwaa hawakuisahau: mwaka 1997 Carmen Salinas aliitayarisha kama tamthilia ya muziki, Edith González akiwa Elena, na ikaendelea kuonyeshwa kwa miaka mingi.

Wafaransa waliuona moto wa Ninón mapema. Mwaka 1954 gazeti la Cahiers du Cinéma lilichapisha sifa zake kwa jina la Robert Lachenay, jina ambalo mhakiki kijana François Truffaut alilitumia kujificha. Alichokishika ni ishara za mwili wake: namna anavyoinua goti, anavyobinua mdomo, anavyotazama. Mhakiki alikuwa sahihi. Ninón hakusubiri muziki uanze ndipo mwili wake useme. Hata akiwa ameketi na sigara, anaigiza kwa mabega.

Mwaka 1951 likaja jaribio la pili kubwa, Víctimas del pecado. Emilio Fernández na mpiga picha wake Gabriel Figueroa walikuwa wamejenga jina kwa filamu za vijijini, zenye mawingu makubwa na wakulima wenye hadhi. Safari hii waliteremka kwenye klabu na reli. Violeta, mnenguaji, anamwokota mtoto mchanga aliyetupwa kwenye pipa la taka na mama yake kwa amri ya kuwadi, na kwa ajili ya mtoto huyo anapoteza kila kitu. Klabu yake inaitwa Changó, yaani mungu wa radi wa Wayoruba, ambaye Waafrika waliosafirishwa utumwani walikwenda naye hadi Kuba. Dámaso Pérez Prado, mfalme wa muziki wa mambo, yumo pamoja na bendi yake. Na Rita Montaner wetu wa wiki iliyopita yumo pia, anaimba.

Naomba tusimame hapa kidogo. Rita, ambaye mama yake alikuwa na damu ya Kiafrika, alikuwa msanii mkubwa kuliko wote katika jengo lile, naye alipewa dakika chache. Ninón, mweupe, alibeba filamu nzima kwa hatua zilizozaliwa katika nyua za weusi wa Havana na Matanzas. Wapiga ngoma weusi wanaonekana nyuma yake. Mwaka 1957, katika Yambaó, iliyopigwa Kuba na kusimulia shamba la miwa la mwaka 1850, aliigiza mjukuu wa mganga mweusi. Aliipenda ngoma ile na aliijua. Hilo haliondoi ukweli kwamba tasnia ilimlipa yeye kwa urithi wa watu ambao isingewapa mlango wa mbele. Anayempenda Ninón, nami ni mmoja wao, ana wajibu wa kuyashika yote mawili.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kulijali hili. Wakati Ninón anacheza Mexico, sahani za santuri za Kuba zenye alama ya GV zilikuwa zimekwisha kufika Kongo, watu wakaitambua ngoma yao iliyokwenda na kurudi, nayo ikazaa rumba ya Kongo. Kule Morogoro, Salum Abdallah aliita bendi yake Cuban Marimba. UNESCO iliiandika rumba ya Kuba katika orodha yake ya urithi mwaka 2016, na ya Kongo mwaka 2021.

Enzi ya filamu za klabu haikudumu. Mwishoni mwa 1952 Ernesto Uruchurtu alishika utawala wa Jiji la Mexico, akabana saa za klabu na kufunga nyingine. Watazamaji nao wakachoka na hadithi ile ile. Kwa miaka mingi Ninón hakuonekana sana kwenye sinema, hadi Noche de carnaval ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyompa tuzo ya Ariel ya mwigizaji bora wa kike. Hakushinda kwa miguu. Alishinda kama mwigizaji mtu mzima, na nadhani tuzo hiyo ilisahihisha dhana ya miaka 30 kwamba alikuwa mnenguaji anayejaribu kuigiza.

Televisheni ikamchukua. Mwaka 1995 alikuwa katika María la del Barrio, telenovela ya Thalía, akitazamwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa Aventurera ilipotoka.

Wiki ijayo: Beatriz Valdés, nyota wa La bella del Alhambra ya 1989, aliyetoka Kuba nyingine kabisa na kuhamia Venezuela.