Mtoto akikohoa usiku, usikimbilie kukizima kikohozi

Saa nane za usiku ndiyo saa ambayo wazazi wengi hung'amua kwamba kikohozi cha mtoto wao si cha kawaida. Mchana mtoto hucheza na wenzake, akakohoa hapa na pale na hakuna anayejali. Usiku nyumba inapotulia, kikohozi kile kile humkalisha kitandani, kikamtoa machozi, pengine kikamtapisha chakula chote alichokula jioni. Asubuhi mzazi hupitia duka la dawa kununua chupa ya dawa ya kikohozi. Iwapo mtoto huyo ana ugonjwa uitwao sistiki faibrosisi, chupa hiyo yaweza kumdhuru.

Huenda jina hilo hujapata kulisikia. Hata sisi madaktari wengi wa hapa nchini tulilisoma chuoni kama ugonjwa wa Wazungu, tukafanya mtihani, tukalisahau. Nami nililipia usahaulifu huo, au tuseme aliyelipia ni mtoto wa watu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kutoka Eastlands, Nairobi, aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka mitano. Alikuwa mwembamba, tumbo limetokeza, na alikuwa na kikohozi kizito cha makohozi tangu uchanga wake. Kwingineko alikuwa amemaliza dawa za kifua kikuu za miezi sita bila ya nafuu. Mimi nikasikia mluzi kifuani, nikaambiwa kwamba hukohoa zaidi usiku, nikaandika pumu. Nilimpa pampu ya kuvuta, na kwa karibu mwaka mzima nikawa namwongezea dawa kila alipokuja. Siku moja, akiwa keshasimama kuondoka, yule mama akaniambia: "Daktari, mtoto huyu nikimbusu kwenye paji la uso, midomo yangu inabaki na chumvi kama nimelamba omena." Nilimwomba aketi tena.

Chumvi hiyo ndiyo alama iliyowafumbua macho wataalamu. Mnamo 1938 daktari Dorothy Andersen wa New York ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kikamilifu baada ya kuchunguza miili ya watoto waliofariki wakidhaniwa kuwa na maradhi mengine ya tumbo. Mwaka wa 1948 joto kali lilipoupiga mji huo, ilionekana kwamba watoto wenye ugonjwa huu walikuwa wakizimia kwa joto kuliko wenzao. Daktari Paul di Sant'Agnese akachunguza jasho lao, akalikuta limejaa chumvi kupita kiasi. Hadi leo kipimo cha jasho ndicho kinachotegemewa. Dawa hupakwa mkononi na kusukumwa ngozini kwa umeme hafifu usioumiza, kisha jasho hukusanywa kwa muda wa nusu saa hivi na kupimwa. Kiwango cha kloraidi kikifika 60 au zaidi, mtoto yamkini ana ugonjwa huo.

Chanzo ni kasoro katika jeni iitwayo CFTR, iliyogunduliwa mwaka wa 1989. Kazi ya jeni hiyo ni kuongoza chumvi na maji yapite kwenye kuta za viungo vya mwili. Inapoharibika, ute ambao kwa kawaida huwa mwepesi kama maji ya mchele hugeuka mzito kama gundi. Katika kongosho, gundi hiyo huziba mirija ya maji ya kusagia chakula, ndipo mtoto hula sana na asinenepe, na choo chake kikawa kingi, chenye mafuta na harufu mbaya. Katika mapafu, huziba njia za hewa na kuwapa vijidudu makao.

Mtoto huugua tu akirithi kasoro kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona wakwe wakimlaumu mke peke yake. Wazazi hao wenyewe huwa wazima kabisa, na kwa kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kwa nne.

Uingereza, ambako mtoto mmoja katika kila 2,500 hivi huzaliwa nao, tangu 2007 watoto wachanga nchini kote hupimwa kwa tone la damu ya kisigino. Kwa watu wa asili ya Kiafrika ni nadra zaidi, lakini upo, na hapa kwetu kumeuficha kifua kikuu, pumu, nimonia za mara kwa mara na utapiamlo. Lipo pia jambo lingine: baadhi ya vipimo vya jeni vilitengenezwa kutafuta kasoro zinazoonekana sana Ulaya, hivyo mtoto wa Kiafrika anaweza kupimwa na kuambiwa hana kitu ilhali anacho.

Sasa turudi usiku. Mwili wa mtu mzima au mtoto mzima huwa haukohoi ovyo akiwa usingizini, kwani usingizi huutuliza mwamko wa kukohoa. Kikohozi chenye nguvu ya kumwamsha mtoto kwa hiyo kina sababu, na kwa mtoto mwenye sistiki faibrosisi sababu hizo ni kadhaa, wala tiba ya moja si tiba ya nyingine. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mzazi siku hizi ni hili: anakohoa saa ngapi?

Akikohoa mara tu anapolala, kikohozi cha maji maji kinachokoroma kifuani, kisha akatulia, halafu akaanza tena alfajiri anapoamka, hayo ni makohozi yaliyohama. Mchana kusimama na kukimbia huyasukuma. Akilala yanatandaa na kuchokoza sehemu nyingine za njia ya hewa. Huyu anahitaji kusafishwa kifua vizuri zaidi kabla ya kulala.

Akikohoa saa moja au mbili baada ya chakula cha jioni, pamoja na kucheua, kutapika kidogo au kulalamika kwamba koo linachoma, shuku tindikali ya tumbo inayopanda juu. Hali hii ni ya kawaida sana kwa watoto hawa. Kikohozi chenyewe huongeza msukumo wa tumbo, tindikali ikapanda, ikachokoza kikohozi kingine.

Anayekoroma, apumuaye kwa mdomo, na ambaye kila mara husafisha koo kama mhubiri kabla ya mahubiri, huenda tatizo lake liko puani. Kamasi nzito hukaa kwenye mashimo ya mifupa ya uso, ikatiririka nyuma ya koo akilala chali. Wengine huota vinyama puani. Daktari wa masikio, pua na koo ndiye wa kumwona.

Mluzi na kubanwa kifua karibu na mapambazuko, ukapata nafuu kwa pampu, waweza kuwa pumu ya kweli, maana mtoto aweza kuwa na magonjwa yote mawili. Lakini mluzi usiosikia pampu wala antibayotiki, hasa akitoa vipande vya makohozi ya rangi ya kahawia, humfanya daktari afikirie mzio wa kuvu wanaokua ndani ya mapafu. Huo hutafutwa kwa kipimo cha damu na una dawa zake.

Namna inayonitia wasiwasi zaidi ni ya mtoto aliyekuwa akilala usiku kucha, kisha katika wiki moja akaanza kuamka mara mbili, mara tatu, mara nne. Makohozi yameongezeka au yamegeuka kijani, chakula hakitaki, mpira hautaki. Usingoje homa, kwa sababu mara nyingi haiji. Hapo vijidudu vimepata nguvu mapafuni, na kila juma linalopita bila tiba linaweza kuacha kovu lisilofutika. Makohozi yapelekwe maabara ili ijulikane ni kijidudu gani, na dawa zitolewe kwa kiwango cha juu na kwa muda mrefu, aghalabu majuma mawili. Vidonge vya siku tatu vinavyouzwa kwa kuhesabu kaunta huwafunza tu vijidudu kupigana.

Kifua kikuu nacho kisisahaulike. Mtoto yeyote wa Kenya anayekohoa kwa majuma lazima akipimwe, na kuwa na sistiki faibrosisi hakumkingi. Aliyeanzishwa dawa hizo asikatizwe kwa kusoma makala gazetini. Ila akimaliza na bado anakohoa vile vile, muulize daktari, bila kuona haya, kama kuna ugonjwa mwingine haujatafutwa. Hata vijidudu vilivyoonekana kwa darubini vyaweza kuwa vya ukoo wa kifua kikuu bila ya kuwa chenyewe, na watoto wenye sistiki faibrosisi hupatwa navyo.

Kuhusu ile chupa ya dukani: kikohozi ndicho ufagio wa mtoto huyu. Dawa za kukizima humwacha alale, na wewe ulale, huku makohozi yakijaa. Zenye kodini ni za hatari zaidi kwa kuwa zaweza kupunguza pumzi. Marekani ilikataza mnamo 2017 zisipewe watoto walio chini ya miaka 12. Zile za mafua zinazoleta usingizi hukausha ute ambao tayari ni mzito. Asali kijiko kimoja haina neno kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, lakini chini ya hapo usimpe kabisa.

Lililo bora ni kukisaidia kikohozi kifanye kazi yake mapema, kabla ya kulala. Mtaalamu wa fiziotherapi atakufundisha kumpigapiga kifua na mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe. Fanya hivyo kabla ya chakula cha jioni au saa mbili baada yake, si tumbo likiwa limejaa. Vitabu vya zamani viliagiza mtoto mchanga alazwe kichwa kikiwa chini. Tumeliacha jambo hilo kwa sababu hupandisha tindikali. Mkubwa kidogo afundishwe kutoa pumzi kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo, au apulize mapovu kwa mrija ndani ya chupa ya maji. Watoto hupenda mapovu kuliko kupigwapigwa, nami siwalaumu. Kama ameandikiwa mvuke wa maji ya chumvi, dawa ya kupanua njia za hewa hutangulia, mvuke ukafuata, kisha fiziotherapi. Kifaa kioshwe na kukaushwa kila siku, la sivyo kitakuwa shamba la vijidudu.

Chakula cha jioni kiliwe mapema. Kwa mtoto mkubwa mwenye tindikali, inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa matofali, maana mito hukunja tumbo tu. Mtoto mchanga abaki chali juu ya godoro bapa.

Chunguza pia hewa anayovuta. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo jiko la makaa au stovu ya mafuta taa hupikia hapo hapo anapolala, dawa zote nilizotaja hufanya kazi nusu. Dawa ya mbu ya kuwasha ina moshi, tumia chandarua. Na baba anayevutia sigara mlangoni bado anavutia ndani.

Huko ng'ambo dawa zimesonga mbele. Mwaka wa 2019 Marekani iliidhinisha vidonge vya dawa tatu kwa pamoja vinavyorekebisha kazi ya jeni yenyewe, na wengi wanaovitumia wamepungukiwa sana na kikohozi. Bei yake ilipotangazwa ilipita dola 300,000 kwa mwaka, na havisaidii kila aina ya kasoro, zikiwemo baadhi ya zile zinazowapata Waafrika. Kwa mzazi wa hapa silaha zilizo karibu bado ni viganja vyake, antibayotiki zinazofaa, vimeng'enya vya kusagia chakula, lishe nono na chumvi ya kutosha. Ndiyo, chumvi. Mtoto huyu huipoteza kwa jasho, hasa akiishi Mombasa au Garissa.

Yule mama wa Eastlands nilimpa daftari la shule la kurasa 48. Kila usiku aliandika saa ya kikohozi, kama ni kikavu au cha maji, rangi ya makohozi, na alichokula mtoto. Kipimo cha jasho kilikuwa kimethibitisha ugonjwa. Baada ya majuma mawili daftari lilionyesha kwamba vikohozi vingi vilikuja muda mfupi baada ya chakula, na vingine alfajiri. Tulisogeza chakula kuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, tukampa dawa ya tindikali, fiziotherapi ikawa saa tatu kasorobo. Pampu niliyokuwa nikiiongeza kwa mwaka mzima niliipunguza. Kikohozi hakikwisha, wala sikumwahidi kwamba kitakwisha, lakini mtoto aliamka mara moja badala ya nne, na chakula kikakaa tumboni. Uzito ukaanza kupanda.

Yapo mambo yasiyongoja daftari wala mapambazuko. Akitema damu inayozidi kijiko cha chai, akipumua mbio huku mbavu zikiingia ndani, midomo ikiwa ya buluu, akishindwa kuzungumza au kunyonya, au akipatwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo siku ya joto akitapika na kulegea. Ukifika, mwambie wa zamu kwamba mtoto ana sistiki faibrosisi. Yamkini hatalijua jina hilo, kwa hivyo liandike kwenye karatasi, pamoja na dawa anazotumia, na karatasi hiyo ikae ndani ya kadi yake ya kliniki.