Sungura wa nyumbani ahitaji nyasi, si karoti

WENGI wanaofuga sungura nyumbani humjazia karoti na kabeji wakidhani wanamtunza vyema. Karoti ina sukari nyingi. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, ambazo zinafaa kuwa mbele yake usiku na mchana, pamoja na maji safi.

Meno ya sungura hayaachi kukua, na nyasi ndizo huyapunguza. Utumbo wake nao hutegemea nyuzinyuzi ili uendelee kufanya kazi. Kwa sababu hiyo, sungura aliyekaa nusu siku bila kula apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Majani ya parachichi, yaliyojaa katika mashamba mengi nchini, ni sumu kwake.

Kizimba kiwe kivulini, kwani joto likipita nyuzijoto 30 huweza kumuua. Sakafu ya waya mtupu humchubua nyayo. Afadhali itandikwe ubao.

Kuhusu usafi, mnyama huyu hufundishika kuliko inavyodhaniwa. Kwa kawaida hujichagulia pembe moja ya kwendea haja, na mfugaji hana haja ya kushindana naye. Aweke beseni pana papo hapo, alitandike magazeti na nyasi, kisha aache kinyesi kidogo humo ili harufu imwelekeze. Nyasi za kula ziwe kando ya beseni, maana sungura hupenda kula huku akijisaidia. Kumchapa humtia hofu tu. Dume ambaye hajahasiwa, hata hivyo, huenda akaendelea kurusha mkojo kila mahali.